Mtunzi wa Ngoma ya Foleni

Malaba,
21 Julai 2024

Shemeji Hesbon,

Yoga noi. Nakusalimu wewe, mama watoto na watoto wote, na kama bado mnaye yule paka mwenye jicho moja, naye mpe salamu zake. Huku sisi tuko sawa. Mama yenu ana nguvu. Juzi alikataa kupanda pikipiki kwenda misa, akasema akikalia hiyo kitu padri atamzika Jumapili hiyo hiyo, akaenda kwa miguu na akafika kabla ya wenye pikipiki kwa sababu walisimama kununua mandazi. Mwanangu Among ameitwa chuo pale Alupe. Nimefurahi kwamba hatakuwa mbali, ingawa najua atakuwa analeta njaa na nguo za kufua kila mwisho wa wiki. Njugu tumevuna, si nyingi lakini zimejaa. Nimekufungia mfuko. Ukiuona umepungua, muulize Bashir, maana anatafuna akiendesha.

Utashangaa naandika badala ya kupiga simu. Wewe na marehemu kaka yako Okiria mnaanza kuongea kwa namna moja, mnavuta pumzi kwanza kama mtu anayeinua gunia. Nikisikia hivyo kwenye simu siwezi kuendelea. Karatasi haivuti pumzi. Tena lori la Bashir linapita hapa kuja huko kwenu Mombasa na kurudi, na nikimpa chai anakuwa posta.

Tangu tumalize matanga mwezi uliopita, kikundi kimerudi mazoezini nyuma ya gesti yetu, pale pale Okiria alipokuwa akiwafundisha. Siku ya kwanza hakuna aliyetaka kushika akogo yake. Unaijua, kile kinanda cha vidole alichokuwa akikifunga kwenye taulo la bluu la gesti, na mimi nikimgombeza kila wiki kwamba wageni watajifutia nini. Mwishowe Okwakol, mpiga ngoma wetu, akaitoa kwenye taulo, akaipiga. Ilikuwa imelegea kidogo, lakini watu wakacheza.

Sasa jambo lenyewe. Tunataka kwenda mashindano ya Busia mwezi wa kumi na mbili. Kikundi hakijawahi kushindana bila yeye, na vijana wameanza kusema wakikaa bure watajiunga na vikundi vingine. Ngoma ni watu. Wakitawanyika, ile Foleni aliyoitunga itabaki kwenye kichwa changu tu. Lazarus, yule kijana anayebadilisha pesa mpakani, ndiye kiongozi wetu siku hizi. Amesikia kwamba kamati imekupa wewe kazi ya kuandika sheria na vitengo vya mwaka huu. Nilijivuna sana. Basi tuambie: Foleni inaingia kitengo gani?

Mama anasema ule samaki kidogo na uje nyumbani.

Wako,
Brigid


Changamwe,
14 Agosti 2024

Kwa shemeji yangu Brigid,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Among, ambaye umwambie chuo si mahali pa kupika chapati chumbani, mabwana wa hosteli wana pua. Sisi hatujambo. Mke wangu amebadilishiwa zamu tena kule bandarini. Paka amekufa. Njugu zimefika, nusu mfuko. Bashir anasema alikwama foleni siku nyingi na shetani akamjaribu.

Umeuliza kuhusu vitengo. Ni vinne, na nitavieleza kwa ufupi kwa sababu watu wengi wananiuliza.

Kuna Ngoma ya Asili. Hii ni ngoma ambayo jamii imeirithi, haina mtunzi anayejulikana, na inachezwa kwa ala za mkono tu. Kuna Ngoma ya Ubunifu, yaani iliyotungwa na mtu au watu wanaojulikana, iwe kwa ala za zamani au mpya. Kuna Dansi ya Mjini, ambayo inachezwa kwa muziki wa kuwekwa kwenye spika. Na kuna Wawili Wawili, hiyo unaielewa.

Katika Ubunifu niliongeza sheria ya saba. Mtunzi atasimama mwenyewe mbele ya majaji, bila kikundi. Atataja jina lake, ataeleza ngoma, kisha ataonyesha peke yake kipande chochote watakachochagua. Asiposimama mtunzi, kikundi hakichezi.

Naomba usiione sheria hii kuwa ya ukali. Mwaka juzi nilikuwa jaji katika tamasha moja huku Pwani. Kikundi kimoja kilishinda kwa ngoma iliyowafanya watu wasimame kwenye viti. Nilipotoka nje nikamkuta mzee amekaa ukutani anakula muhindi wa kuchoma. Akaniambia, bila hasira, "Mwalimu, ile ni yangu. Waliirekodi kwa simu kwenye harusi." Nilimwamini, lakini zawadi ilikuwa imeshatolewa na picha zimeshapigwa. Tangu siku hiyo nilisema, mahali popote nitakapoandika sheria, mtunzi atasimama.

Kwa hiyo ngoma yenu ni ya Ubunifu kwa kila namna. Lakini kwa sheria ya saba, sioni jinsi itakavyoingia. Samahani.

Msalimie Mama. Samaki nitakula nikipenda.

Hesbon


Malaba,
8 Septemba 2024

Shemeji,

Pole kwa paka. Najua mtu anazoea. Huku mvua imekataa kuondoka, na foleni ya malori imefika mbali kuliko nilivyowahi kuiona, kwa hiyo gesti imejaa na sina mashuka. Mama alikuwa na homa akapona, akadai aliponywa na supu na si vidonge.

Barua yako niliisoma mara mbili. Umeandika paka, umeandika mzee wa muhindi, umeandika "ngoma yenu". Jina la Okiria hukuliandika hata mara moja. Sikulaumu. Naona tu.

Sasa kuna tatizo. Kabla barua yako haijafika, Lazarus alishakwenda Burumba kutuandikisha, kwa Nusura, katibu wa kamati, yule anayeuza vitenge. Nusura akamuuliza mtunzi ni nani. Lazarus akasema hayupo, hii ni ngoma ya Asili, mababu wameicheza tangu zamani. Nusura akaandika hivyo.

Niliitisha kikao. Nikamwambia, "Lazarus, ngoma inaanza na wanaume wamepanga mstari, wanatoa pshhh ya breki za lori. Halafu tanboi, msaidizi wa dereva, anaruka chini, anapiga goti, anaweka jiwe nyuma ya tairi. Babu yako aliona tairi la lori wapi?"

Okwakol akasema, "Babu yake? Huyo mzee alikuwa anaogopa hata baiskeli!"

Watu wakacheka mpaka Lazarus mwenyewe akacheka. Lakini hakurudi nyuma. "Mathe, skiza," akaniambia. "Tukisema iko na mtunzi, wanataka mtunzi asimame. Tutamtoa wapi? Tukisema ni ya mababu, tunacheza. Majaji wataona pshhh watadhani ni nyoka. Mzee Okiria mwenyewe angetaka tucheze. Ama nadanganya?"

Hakudanganya. Okiria angetaka wacheze. Hata hivyo nilijiona nimekaa kwenye kiti cha mbele uwanjani Busia, mtangazaji anasema ngoma hii haina mwenyewe, na mimi napiga makofi. Mtu alikuwa tanboi miaka yote ile, akalala chini ya malori, akaokota kila mwendo wa ile ngoma barabarani kati ya huko kwenu na Kampala, na sasa mke wake anapiga makofi kwamba haina mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Ongeza neno kwenye sheria yako. Andika kwamba mtunzi akiwa amefariki, mjane anaweza kusimama. Ni mstari mmoja tu. Wewe ndiye mwenye kalamu.

Nakutumia njugu tena. Safari hii nimeshona mfuko.

Brigid


Changamwe,
29 Septemba 2024

Shemeji Brigid,

Nashukuru kwa njugu, zimefika zote. Mke wangu na watoto wanasalimia.

Siwezi kuongeza mstari huo. Sheria zimeshachapishwa na vikundi vyote vimepewa. Nikiugeuza ukurasa kwa ajili ya nyumba yetu, kila mtu Busia atajua ni kwa ajili ya nyumba yetu. Na leo ni mjane, mwaka ujao atakuja mpwa, halafu jirani, halafu atakuja yule mwenye simu ya kurekodi aseme marehemu alimwachia.

Kuhusu Asili, ninyi mnajua na mimi ninajua. Siwezi kujifanya sijui. Mkiingia kwa jina la mababu, itabidi niandikie kamati. Mwisho wa kubadilisha kitengo ni tarehe thelathini na moja Oktoba.

Kwa vyovyote vile sitakaa mezani na majaji. Nimewaomba waniruhusu nibaki huku, kwa sababu kuna kikundi cha jamaa yangu.

Nisamehe kwa ufupi. Tuna mitihani.

Hesbon


Changamwe,
20 Oktoba 2024

Shemeji,

Bashir amepita mara mbili bila barua yako. Nilimuuliza kama wewe ni mgonjwa. Akasema, "Mwalimu, mama ni mzima kabisa, alinipa chai lakini hakunipa karatasi." Nimeelewa.

Basi mimi naandika bila kujibiwa. Nimekaa na sheria zangu mezani wiki nzima, nikizisoma kama mtu mwingine ameziandika, kutafuta mahali nilipokosea. Sheria haijakosea. Aliyekosea ni mimi, kwa kujibu swali ambalo sikuliuliza vizuri.

Unakumbuka Krismasi ile mvua ilipojaza jiko la nje mpaka tukahamia wote ndani kwako? Okiria alikuwa anatuonyesha jinsi Foleni itakavyoisha. Geti linafunguliwa, malori yanaondoka moja moja, wanaume wanatoka, ngoma imekwisha. Mimi nikasema ni nzuri. Wewe ulikuwa unasonga ugali, umetupa mgongo. Ukasema, "Na sisi?"

Akauliza, "Nyinyi nani?"

"Sisi wauza mayai. Lori likiondoka tunakufa?"

Tukacheka. Wewe hukucheka. Uliacha mwiko ndani ya sufuria, ukachukua sinia ukaliweka kichwani, ukatembea kando ya lori ambalo halikuwepo. Shingo imetulia kabisa, mabega yanakwenda haraka kama yanaita wateja. Lori likaondoka. Ukalitazama kidogo hivi, si sana. Halafu ukageuka kwa kisigino kimoja, ukaanza kutembea kando ya lori lililofuata.

Kaka yangu akasogeza kiti karibu. Halafu akasema, "Rudia." Ukarudia mpaka ugali ukaungua, na tukaula hivyo hivyo ukinuka moshi, na wewe ukatulaumu sisi.

Mwaka uliofuata niliwaona mkicheza sokoni Amukura. Wanawake wote walikuwa wanatembea kwa shingo ile na mabega yale. Na ngoma haikuisha na malori. Iliisha na wanawake wakigeuka.

Nimeliandika jina lake, unaona. Ni mara ya kwanza tangu tumzike. Nilidhani nitashindwa.

Nakuuliza sasa kama mwandishi wa sheria. Sheria inasema mtu au watu. Ngoma ya Foleni imetungwa na nani?

Hesbon


Malaba,
3 Novemba 2024

Shemeji Hesbon,

Salamu kwenu nyote. Mama yu mzima, ameanza kumfundisha Among kusuka mikeka, na Among anasema chuo ni rahisi kuliko Mama. Nilikuwa nimekukasirikia, ni kweli. Nilimpa Bashir chai kavu, hata sukari nilipunguza, kwa sababu alitoka kwako.

Barua yako ya mwisho niliisomea pale pale barabarani, Bashir akiwa bado ameshika usukani. Nilitaka kukuandikia kwamba umekosea. Kwamba mimi nilitia chumvi tu kwenye chakula cha mtu mwingine. Tangu azikwe nimekuwa nikiwaambia watu Foleni ni ya Okiria, yote, mwanzo mpaka mwisho. Amebakiwa na vitu vichache, shemeji. Viatu nilivigawa. Koti lake analivaa mlinzi wa gesti, hunishtua kila nikimwona kwa nyuma. Niliona nikisema kipande hiki ni changu, nitakuwa nimemnyang'anya na hicho.

Lakini uliuliza swali, na mimi sikusomeshwa sana ila najua kujibu nilichoulizwa. Mwendo wa wanawake ni wangu. Mabega ni yangu. Mwisho ni wangu. Alikuwa akisema mwenyewe, "Mimi nimeleta malori, wewe umeleta barabara."

Niliwaita wote nikawaambia. Nilidhani watanishangaa. Asekenye, ambaye ni mkubwa kwetu wanawake, akanitazama kama mtu aliyechelewa kazini.

"Sisi tulijua," akasema. "Nani alikuwa akitugonga mgongo na mwiko tukitikisa shingo? Okiria?"

"Ulikuwa unauma huo mwiko," akasema mwingine.

Lazarus akashika kichwa. "Mathe! Hii time yote mimi natafuta mtunzi kama mtu amepoteza ng'ombe, na mtunzi ndiye ananipikia chai?"

Nikamwambia, "Hukuniuliza. Uliuliza mababu."

Tarehe thelathini tukaenda Burumba, mimi na yeye. Nusura alikuwa anakunja vitenge. Nikamwambia tumekuja kubadilisha kitengo, kutoka Asili kwenda Ubunifu. Akamtazama Lazarus kwa muda.

"Kijana, ulikuja hapa ikawa ya mababu. Leo iko na mtunzi. Kesho utaniambia haijazaliwa?"

"Nilikosea, boss," Lazarus akasema, anatazama chini.

"Mtunzi nani?"

"Wako wawili," nikasema. "Okiria, bwanangu, alifariki mwezi wa tano. Na mimi."

Akaweka kitenge chini. Akanipa pole kwanza, pole ya kweli, si ya haraka. Kisha akachukua sheria zako akazisoma kwa kidole. "Inasema mtunzi asimame. Haisemi wakiwa wawili wasimame wote. Lakini dada, ujue, hao majaji wanaweza kukuchagulia kipande chake. Ukishindwa, kikundi kinakaa chini."

Nikamwambia, "Niandike."

Sasa hilo ndilo ninalokaa nalo. Wanawake nawajua. Ile pshhh, lile goti, lile jiwe, sijawahi kucheza hata siku moja. Nimeona tu. Usinijibu kwa kunishauri, kwa sababu wewe ndiye mwenye sheria na watasema ulinifundisha. Nijibu kuhusu watoto.

Brigid


Changamwe,
24 Novemba 2024

Shemeji,

Watoto wote wazima. Mdogo ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi darasani bila kutaka. Mkubwa anataka paka mwingine. Huku ni joto.

Salamu kwa Mama.

Hesbon


Malaba,
15 Desemba 2024

Shemeji Hesbon,

Nakuandikia bado miguu inauma, na Mama amekaa hapa kando ananiambia niandike haraka, Bashir anapiga honi. Atangoja. Sisi sote tumerudi salama kutoka Busia. Among alikuja na wenzake wote wa hosteli wakaimba jina langu uwanjani kama mimi ni timu ya mpira.

Acha nianze na kusimama, kwa sababu ndilo ulilongoja.

Vikundi vya Ubunifu vilikuwa vingi kuliko tulivyodhani. Mtunzi wa kwanza alikuwa kijana wa Bungoma, akaonyesha kipande chake vizuri sana. Wa pili alipochaguliwa kipande akakuna kichwa, akatazama nyuma kwa wenzake, na jaji akasema, "Usitazame huko, ngoma iko kwako." Alikaa chini. Kikundi chake chote kilikuwa kimeshapaka rangi usoni. Mimi nikajisemea, sheria ya shemeji inakata kweli.

Wakaniita. Jaji mkuu alikuwa mwanamke mmoja anaitwa Bi Vivianne, mrefu, ana sauti ya chini. Akasema, "Mama, jina lako na la ngoma."

"Brigid. Ngoma ya Foleni. Tulitunga wawili."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amefariki. Alikuwa bwanangu, Okiria. Alikuwa tanboi. Malori ni yake. Wanawake ni wangu, na mwisho."

Hakusema pole. Aliandika. Nilishukuru, kwa sababu angesema pole ningelia. Halafu akainua kichwa.

"Nitaona wanawake kikundi kikicheza. Nionyeshe tanboi."

Nilimsikia Lazarus kando akisema, "Wueh." Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, na viatu vyenye kisigino kidogo. Nikavivua nikampa Asekenye. Nikamwambia jaji, "Kipande hicho si changu. Nitakionyesha kama nilivyokiona, na mahali palipo pake nitasema ni pake."

"Sawa," akasema.

Nikatoa pshhh. Watu wa mbele wakacheka, mmoja akapiga kelele, "Mama, punguza upepo!" Nikaruka chini kutoka kwenye lori ambalo halipo. Hapo nikasimama, nikasema, "Vijana wanaruka kwa miguu yote miwili kwa sababu wanataka kuonekana. Yeye alikuwa anatanguliza wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulivunjika akiwa kijana na hakuuamini." Nikarudia, wa kushoto kwanza. Kisha nikapiga goti, nikaweka jiwe. Hilo jiwe, shemeji, nilikuwa nimeliona likiwekwa maelfu ya mara, na sikujua kwamba nalijua. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipoliweka nikaligonga kwa kiganja mara mbili, tap, tap, kama alivyokuwa akifanya, na nikamwambia jaji, "Hii haipo kwenye ngoma. Vijana waliiacha wakisema inachelewesha. Alikuwa anaambia jiwe lishike."

Mtu mmoja nyuma, nafikiri ni dereva, akasema kwa sauti, "Ni kweli! Tunafanyanga hivyo!"

Nilipoinuka, goti likalia, uwanja mzima ukasikia. Bi Vivianne akauliza, "Na wewe ulipokuwa ukitazama haya yote, ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Kando ya lori. Nauza mayai."

Akafunga daftari lake. "Kikundi kiingie."

Walicheza. Sitakueleza yote, video Among atakutumia. Okwakol aliipiga ile akogo kwa vidole vyote kama anapukuchua mahindi. Lazarus ndiye aliyekuwa tanboi, na akaruka kwa mguu wa kushoto, akagonga jiwe mara mbili, hatukumwambia. Wanaume walipoanza kutoka, watu wakadhani imekwisha, wakaanza makofi. Halafu Asekenye na wenzake wakalitazama lori la mwisho likienda, kidogo tu, si sana, na wakageuka wote kwa kisigino kimoja. Makofi yakakatika katikati. Wakatembea. Hapo ndipo watu waliposimama.

Tumekuwa wa pili. Wa kwanza ni wale wa Bungoma na sibishi, walikuwa moto. Lazarus anabisha, amebisha tangu Busia mpaka hapa. Lakini walipotutangaza, mtangazaji hakusema ngoma ya mababu. Alisema, "Ngoma ya Foleni kutoka Malaba. Watunzi, Okiria na Brigid." Alitamka taratibu, kwa sababu Nusura alikuwa amesimama nyuma yake anahakikisha. Mama hakupiga makofi. Alikaa wima kwenye kiti, akageuka kwa mwanamke asiyemjua aliyekuwa kando yake, akamwambia, "Huyo wa kwanza ni mwanangu. Na huyo wa pili pia ni wangu."

Sheria yako ni nzuri. Niliichukia miezi mitatu na sasa naisifu kila ninapokwenda, usije ukailegeza. Lakini niandikie jambo moja, na hili unaweza kunijibu kwa sababu mashindano yamekwisha. Tangu jana kuna mwendo unanizunguka. Nilikuwa natandika vitanda vya gesti asubuhi hii, nikakuta nakunja shuka kwa hesabu, mikono inakwenda juu, inakutana, inarudi chini, na nikakimaliza chumba kizima hivyo. Nikamwita Asekenye akamate upande wa pili wa shuka. Akakamata. Akasema, "Hii nayo ni nini tena?" Nikamwambia sijui bado, shika. Niambie, ngoma mpya huanza hivyo?

Mwaka ujao tutaandikisha mapema. Kitengo ni Ubunifu, na mtunzi atakuwa mmoja.

Shemeji yako,
Brigid